Upupu, kinini na mkono unaotetemeka: miaka 200 ya kutafuta dawa ya Parkinson

Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa ulikuwa umejaa watu. Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane, na wazee wa Kongo wanaisimulia ngumi ile hadi leo kana kwamba ilipigwa jana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, madaktari wa Marekani walimwambia Ali kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 dunia nzima ilimwona mjini Atlanta akiwasha moto wa michezo ya Olimpiki, huku mkono wake ukitetemeka. Alifariki mwaka 2016.

Ali alikuwa na pesa na madaktari wazuri, lakini hakupona. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa. Kuna dawa ya kupunguza makali yake tu. Ndiyo maana, tangu ulipoandikwa katika vitabu vya utabibu, wagonjwa na madaktari wamejaribu kila kitu: mizizi, mbegu, viti vya kutikisa, vitamini na unga wa kila aina. Baadhi vilisaidia. Vingi vilikula pesa za watu bure. Historia yake inaonyesha namna ya kutofautisha.

Mtu wa kwanza kuueleza vizuri alikuwa James Parkinson, daktari wa London. Mwaka 1817 alichapisha kitabu kidogo kuhusu watu sita tu, na baadhi yao aliwaona njiani wakipita. Aliandika juu ya kutetemeka kwa mkono uliotulia, mgongo kuinama, na hatua fupi zinazokimbia mbele kama mtu anayetaka kuanguka. Kuhusu tiba, alipendekeza mgonjwa atolewe damu shingoni. Leo hakuna daktari anayefanya hivyo.

Baada yake akaja Jean-Martin Charcot, bingwa wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Yeye ndiye aliyetaka ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Dawa aliyowapa wagonjwa ilitoka kwenye mimea ya jamii ya beladona, mimea yenye sumu ambayo kwa kipimo kidogo hupunguza mtetemeko. Charcot alisikia pia wagonjwa wakisema kwamba wanapata nafuu wakisafiri kwa treni au kwa gari la farasi. Basi akatengenezesha kiti cha kutikisa, na mwaka 1892 akakieleza mbele ya wanafunzi wake. Wagonjwa walitoka kitini wakisema wanajisikia wepesi.

Kiti hicho kinafundisha jambo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chicago walikijaribu upya. Kundi moja la wagonjwa lilikalia kiti kinachotikisa. Kundi la pili lilikalia kiti kisichotikisa. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwa hiyo nafuu haikutoka kwenye mtikiso. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha sababu moja: mgonjwa wa Parkinson akipewa dawa ya bandia huku akitumaini kupona, ubongo wake wenyewe unatoa kidogo ile kemikali inayomkosekana. Mgonjwa anayesema unga fulani umemsaidia si mwongo. Amesaidika kweli. Lakini nafuu ya matumaini haithibitishi kwamba unga wenyewe una kazi.

Kemikali hiyo inaitwa dopamini, na njia ya kuifikia ilianzia shambani. Mwaka 1913, mjini Basel, Uswisi, mkemia Marcus Guggenheim alitoa kitu kinachoitwa levodopa kutoka kwenye maharagi yale ambayo Wafaransa huyaita fèves. Alikijaribu mwenyewe kwa kumeza gramu mbili na nusu. Akatapika vibaya. Levodopa ikabaki kwenye vitabu kama kitu kisicho na maana. Mwaka 1937 wakemia wa India waliikuta tena, safari hii katika mbegu za Mucuna pruriens. Mmea huo Waswahili wanauita upupu. Ganda lake lina manyoya yanayowasha mwili mzima, na watoto wa vijijini wanaujua kwa hofu. Utabibu wa jadi wa India, unaoitwa Ayurveda, ulikuwa umetumia mbegu zake kwa karne nyingi, pia kwa watu wanaotetemeka.

Mmea mwingine ulifungua mlango uliobaki. Mzizi wa Rauwolfia wa India ulitoa dawa ya shinikizo la damu iitwayo reserpini. Ndugu yake, Rauvolfia vomitoria, anaota katika misitu ya Kongo, na wakati wa Zaire magome ya mizizi yake yaliuzwa Ulaya kwa ajili ya viwanda vya dawa. Reserpini ikizidi, humfanya mtu apooze na kukakamaa kama mgonjwa wa Parkinson. Mwaka 1957, nchini Uswidi, Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini wakalala bila kujongea. Alipowachoma sindano ya dopa, wakainuka. Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson wakakuta dopamini imepungua sana. Mwaka 1961 Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakaanza kuwachoma wagonjwa sindano ya levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kusimama walisimama.

Lakini kitendawili cha Guggenheim kilikuwa bado: kipimo kidogo hakikudumu, kikubwa kilitapisha. George Cotzias, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, alikitegua mwaka 1967 kwa uvumilivu tu. Alianza na kipimo kidogo sana, akakiongeza polepole kwa wiki nyingi. Mwaka 1970 Marekani iliruhusu dawa hiyo kuuzwa. Baadaye ikachanganywa na karbidopa, ambayo inapunguza kutapika na kuifanya levodopa nyingi zaidi ifike kwenye ubongo. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Basi wanaosema dawa ya hospitali ni ya Wazungu na dawa ya majani ni ya Waafrika, kwa ugonjwa huu wamekosea. Kinini cha levodopa kina kitu kilekile kilichomo ndani ya upupu. Kilichoongezwa ni kipimo. Ukimeza kinini leo na kesho, unajua umemeza kiasi gani.

Levodopa nayo ina mwisho wake. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake hudumu saa chache, na mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe. Hapo ndipo familia nyingi hurudi kutafuta kitu kingine, na wauzaji wanawasubiri. Madaktari nao walitafuta, lakini kwa kuhesabu. Vitamini E ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 800. Mwaka 1993 matokeo yakasema haichelewishi ugonjwa. Kreatini, unga wanaotumia wanamichezo, ilipewa wagonjwa kwa miaka mingi katika jaribio la watu 1,741. Likasimamishwa mwaka 2013 kwa sababu hapakuwa na faida. Koenzaimu Q10, ambayo bado inauzwa kwa bei kubwa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 600. Mwaka 2014 matokeo yakawa yaleyale. Nayo vitamini B6, ambayo wengi huiona haina madhara, iligunduliwa mapema kwamba inaua nguvu ya levodopa ikiwa mgonjwa anaimeza bila karbidopa.

Upupu wenyewe umefikia wapi? Mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio lililofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18. Unga wa mbegu zilizokaangwa, katika dozi moja iliyopimwa, ulifanya kazi vizuri kama levodopa ya farmasi. Habari hiyo ilienea haraka. Jaribio la mwaka uliofuata, la wagonjwa 14 kwa wiki 16, halikuenea. Humo nusu ya wagonjwa waliacha, wengine kwa sababu ya tumbo, wengine kwa sababu hali yao ilizidi kuwa mbaya. Mwaka 2022, Marekani, bidhaa 16 za upupu zilipimwa. Levodopa iliyokuwa ndani ya dozi moja ilianzia miligramu 2 hadi miligramu 241. Mgonjwa anayebadilisha chupa anaweza kutoka kwenye maji matupu akaingia kwenye dozi nzito, bila kujua.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha kinini ghafla kwa sababu mtu amesikia habari ya unga. Mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, na mgonjwa akafa.

Ila ni lazima kusema pia kwamba wengi hawajafika kwenye kinini. Nchini Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000. Walikuta wagonjwa 33. Karibu wanane kati ya kumi hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Mzee wa namna hiyo jirani husema ni uzee, au amerogwa. Mganga wa kienyeji ndiye anayekaa karibu, anayemsikiliza na kumgusa mkono. Ukimkataza asiende kwa mganga bila kumwonyesha daktari na dawa iko wapi, hujamsaidia.

Kwa familia yenye mzazi anayetetemeka mkono uliotulia, anayetembea kwa hatua fupi na ambaye maandishi yake yamekuwa madogo, hatua ya kwanza ni daktari. Kama anatumia unga au mizizi yoyote, daktari aambiwe bila aibu, na chupa yenyewe ipelekwe. Na kinini kisiachwe hata siku moja bila ruhusa yake. Guggenheim alitapika mwaka 1913 kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kipimo. Leo wapo, na wanafaa kuulizwa.