Uboreshaji wa reli za mizigo kwa treni za abiria

Uboreshaji wa reli za mizigo ni kazi ya kuiwezesha njia iliyojengwa kwa ajili ya shehena kupitisha pia treni za abiria za mjini na za mikoa jirani. Mara nyingi reli na ardhi hubaki mali ya kampuni ya mizigo, na hapo ndipo mvutano unapoanzia.

Treni ya mizigo hutambaa, na saa moja ya kuchelewa haiiumizi sana. Ya abiria ikichelewa kila asubuhi, watu hurudi kwenye mabasi. Panapokuwa na reli moja tu, zikikutana ni lazima mojawapo iingie njia ya kupishana na kusubiri. Nchini Marekani, sheria imelipa Amtrak, shirika la treni za abiria, kipaumbele mbele ya mizigo tangu miaka ya 1970. Lakini kwenye njia nyingi waongoza treni ni waajiriwa wa kampuni ya mizigo, na treni ndefu kuliko njia ya kupishana haina pa kujibanza. Abiria ndiye anayesubiri, sheria iseme isemavyo.

Ndiyo maana fedha nyingi huishia kwenye vitu ambavyo abiria havioni: njia ndefu zaidi za kupishana, mataruma mapya, kokoto, mitaro, ishara. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani ili treni ya kasi ipite bila kuwayumbisha abiria. Ikiinuliwa kupita kiasi, treni nzito ya polepole huisaga reli ya ndani. Mafundi huishia kwenye kimo cha katikati kisichomridhisha yeyote. Jukwaa nalo likisogezwa karibu na reli ili abiria apande kwa urahisi, shehena pana inaweza kulikwaruza.

Ishara si jambo la kufanyia ubahili. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, Los Angeles, treni ya abiria ya Metrolink ilipita taa nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya mizigo ya Union Pacific kwenye reli moja. Watu 25 walikufa. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulazimisha mitambo inayoisimamisha treni yenyewe dereva asipotii ishara.

Jimbo la Virginia, Marekani, liliamua kununua. Mpango wa dola bilioni 3.7 uliotangazwa Desemba 2019 uliliwezesha jimbo hilo kupata sehemu ya ardhi na reli za kampuni ya mizigo ya CSX, na ulijumuisha ujenzi wa daraja la pili juu ya mto Potomac kando ya Long Bridge, daraja la mwaka 1904 lenye reli mbili tu.

Dar es Salaam ilianza bila kusubiri daraja lolote. Oktoba 2012, treni iliyokuja kuitwa "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza kubeba abiria asubuhi na jioni kwenye reli zilezile za masafa marefu: ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, hadi Ubungo Maziwa, na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Behewa la upande mmoja halikuweza kuhamia wa pili, kwani upana wa reli ya TRL ulikuwa milimita 1,000 na wa TAZARA 1,067. Nairobi nayo ilifungua kituo cha Syokimau Novemba mwaka huohuo, kikiunganishwa na reli ya zamani ya Mombasa. Tangu SGR, reli mpya kutoka Mombasa, ianze mwaka 2017, reli hiyo ya zamani huwafikisha katikati ya mji abiria wanaoshuka Syokimau kutoka pwani.