Msomaji Chipukizi wa Kinna na Riwaya za Visa na Maajabu

Miongozo mingi tunayoitumia kufundishia riwaya huchukulia maajabu kuwa mali ya matini. Riwaya huainishwa kuwa ya kifantasia, ya safari, ya upelelezi au ya kihalisia, mwanafunzi akakariri sifa za kila aina, mambo yakaisha. Mtunzi akiweka jini, pango la dhahabu au nchi inayoelea hewani, basi riwaya yake ni ya maajabu popote isomwapo. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa ushahidi wa historia. Yanadai kuwa ajabu huzaliwa pale matini inapokutana na mahali alipolelewa msomaji, na kwamba historia ya riwaya za visa katika Afrika Mashariki haielezeki mpaka tuulize msomaji aliketi wapi alipokuwa akisoma.

Mahali nilipochagua ni Kinna, mji mdogo wa Waborana wa Waso katika Isiolo, ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Mtoto wa Kinna hujifunza Kiborana nyumbani, Kiarabu kidogo chuoni, kisha Kiswahili na Kiingereza shuleni. Nyayo za simba anazitambua kabla hajaitambua herufi. Bahari hajaiona. Wapenzi wa nadharia ya upokezi watamkumbuka hapa Hans Robert Jauss na dhana yake ya upeo wa matarajio. Dhana hiyo ni nzuri, ila Jauss alikuwa akimfikiria msomaji ambaye matarajio yake yamejengwa na vitabu alivyosoma kabla. Matarajio ya Kinna yamejengwa na mambo mengine.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Riwaya za visa ziliingia katika Kiswahili kwa mkupuo mwishoni mwa miaka ya 1920. Frederick Johnson, ambaye mwaka wa 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya lugha iliyosanifisha Kiswahili, alitafsiri riwaya ya Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929). Mwaka huohuo Robert Louis Stevenson akasomeka katika Kisiwa chenye Hazina, na baadaye Jonathan Swift katika Safari za Gulliver (1932). Wanahistoria wa riwaya yetu wameshaandika mengi kuhusu mchango wa tafsiri hizi, kwa hivyo sitarudia. Ninachotaka kutaja ni msomaji aliyelengwa. Alikuwa mwanafunzi wa skuli za Pwani, Unguja na Tanganyika, kijana anayejua jahazi ni nini.

Kaskazini mwa Kenya hakukuwamo katika hesabu hiyo. Tangu 1902 serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga sehemu hiyo kwa sheria, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka apendavyo. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilifuata mara baada ya uhuru, watu wakakusanywa kambini kule Garba Tula, Merti na Mado Gashe, na mifugo ikafa kwa wingi. Kizazi hicho kilikuwa na mambo mengine ya kuhofia kuliko maharamia wa Stevenson. Vitabu vilipofika hatimaye, vilifika vikiwa vimechelewa, vikiwa vichache, na mara nyingi bila jalada.

Hata hivyo vilisomwa. Nilipofundisha Kinna niliona vikisomwa kwa namna ambayo mwongozo wowote ungeiita makosa. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani kuna sura ya kuwinda tembo. Bwana Good, ambaye hataki kuacha mavazi yake ya kizungu hata porini, anajikwaa kwa sababu ya suruali na viatu vyake huku tembo akimfuata. Mtumishi Khiva, kijana wa Kizulu, anageuka ili amwokoe, na tembo anamuua kifo cha kutisha. Mwongozo ungetaka mwanafunzi aeleze taharuki na mbinu ya masimulizi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walisoma sura hiyo kama ripoti. Walijadiliana upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi, kwa nini watu walikaribia kundi lililokwisha kujeruhiwa, na ni mzee gani angemruhusu mtu aingie kichakani na nguo zile. Lawama yote waliipeleka kwenye suruali. Aliyewauma rohoni alikuwa Khiva. Walishangaa kwamba baada ya kurasa chache safari inaendelea na almasi zinatafutwa kama kawaida.

Kwao, basi, sura ya tembo ilikuwa ya kihalisia. Fantasia waliipata kwingine, katika Kisiwa chenye Hazina, na wala haikuwa hazina iliyowashangaza. Ilikuwa maji. Mmoja aliuliza iwapo ni kweli kuwa maji yote yale yana chumvi, na nilipokubali akasema ngamia wangefurahi sana. Hoja hii ina uzito wake, kwani mfugaji hutembea mwendo mrefu kuitafutia mifugo chumvi. Mwingine hakuridhika na mwisho wa kisa, ambapo sehemu ya fedha inaachwa imefukiwa kisiwani. Mwenye mali huacha mali porini kwa sababu gani? Darasa zima liliona hiyo ndiyo sehemu isiyoaminika katika kitabu kizima, kuliko hata kasuku anayezungumza.

Haggard anatuleta karibu zaidi na Kinna kuliko wengi tunavyokumbuka. Katika Allan Quatermain (1887), ambayo nayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1930, mashujaa wanaanzia Lamu, wanaukwea Mto Tana kwa mitumbwi, wanapigana na Wamasai, wanaupita Mlima Kenya, kisha wanaingia katika ufalme wa kubuni wa watu weupe. Haggard alikuwa ameishi Afrika Kusini, lakini alipoandika hakuwa ameiona Tana. Ndugu yake Jack ndiye aliyekuwa Lamu katika miaka ya 1880 kama naibu wa balozi wa Uingereza. Mto huo ndio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Meru. Kwa msomaji wa London wa 1887, kila hatua kutoka Lamu ilikuwa hatua ya kuingia ndani ya maajabu. Msomaji wa Kinna anaifuata safari hiyohiyo akiwa na ramani kichwani, na maajabu yanaanza pale tu ramani inapodanganya, yaani pale wenyeji wa nchi wanapoondolewa na mahali pao pakajazwa ufalme usiokuwapo.

Msomaji chipukizi aliyetuachia ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu jambo hili hakutoka Kinna bali Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) ameeleza katika kumbukumbu zake namna Stevenson alivyomtia hamu ya kuandika akiwa bado mtoto, na namna alivyobishana na rafiki yake aliyeamini kuwa mtu hawezi kuandika kitabu bila kibali cha serikali, asije akafungwa. Zaidi ya hapo ameandika kuhusu Biggles, rubani wa Kiingereza katika hadithi za W. E. Johns, ambazo alizisoma akiwa mwanafunzi katika Shule ya Upili ya Alliance kati ya 1955 na 1958. Alizipenda. Na kaka yake alikuwa amejiunga na Mau Mau msituni, katika miaka ambayo ndege za kijeshi za Uingereza zilikuwa zimeangusha mabomu juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kijana huyo alikuwa akimshangilia rubani ambaye, nje ya kitabu, angemuua ndugu yake. Ngũgĩ haombi radhi kwa furaha ile, wala hajifanyi kuwa aliona mapema. Anaiacha furaha na ndugu vikae pamoja. Naona huo ni uhakiki mkomavu kuliko ule wa kumwambia mwanafunzi kuwa kitabu cha kikoloni hakipaswi kumfurahisha.

Kinna nayo ina Biggles wake, ila ni simba jike. Mwaka wa 1960 Joy Adamson alichapisha Born Free, kisa cha Elsa, na kitabu kikasomwa ulimwenguni kote kwa lugha nyingi. Mumewe George alikuwa afisa wa wanyamapori aliyekaa Isiolo. Elsa alirudishwa porini katika eneo ambalo mwaka wa 1966 lilifanywa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, akafa Januari 1961, na kaburi lake liko humo. Mapato ya vitabu hivyo yalichangia uhifadhi wa wanyama. Kwa maneno mengine, kisa cha porini kilichosomwa na watoto wa Ulaya na Marekani kuliko kingine chochote cha Kenya kilitendeka jirani na Kinna, na mtoto wa Kinna hukisoma kwa Kiingereza, akipata nakala.

Sasa tutazame mwanzo wake. Mnamo Februari 1956 George Adamson alikuwa ametoka kumsaka simba mla watu. Akashambuliwa na simba jike, akampiga risasi, kisha akagundua alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili kati yao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu akawa Elsa. Na kwa nini simba mla watu alikuwa akisakwa? Kwa sababu alikuwa amemuua mtu wa Kiborana. Mtu huyo anatajwa mara moja, kwa kabila lake, kisha kisa kinamwacha. Nimekutana na watu wengi waliokisoma kitabu hicho utotoni mijini na wakakipenda, na sikumbuki hata mmoja aliyekumbuka kuwa kinaanza na maiti. Kinna hawakuweza kukumbuka kitu kingine. Tulisoma ukurasa huo darasani kwa tafsiri yangu ya mdomo, na kabla sijafika kwa watoto wa simba mkono ukainuka: "Mwalimu, huyo mtu aliitwa nani?"

Swali hilo halina jibu ndani ya kitabu, na hapo ndipo lilipo suala ambalo ningependa walimu wenzangu walipime. Katika mtihani, swali zuri kuhusu Elsa lingehusu uhuru, huruma au uhusiano wa mtu na mnyama. Mwanafunzi anayejibu kwa kumzungumzia Mborana aliyeuawa angesahihishwa kuwa ametoka nje ya swali. Nimeona jibu la aina hiyo likikatwa kwa kalamu nyekundu, na aliyekatwa hakuazima kitabu kingine mpaka muhula ukaisha. Lakini kimatini yuko sahihi. Bila mauti yale hakuna msako, bila msako hakuna Elsa. Ni sababu ya kwanza katika msuko, na tunawafundisha wenyewe kuwa msuko ni mnyororo wa sababu na matokeo. Watoto wa Elsa, waliozaliwa mwishoni mwa 1959, walianza kushambulia mifugo baada ya mama yao kufa, wakahamishiwa Serengeti mwaka wa 1961. Msomaji wa mbali huisoma sehemu hiyo kwa huzuni kwa ajili ya simba. Msomaji wa Kinna huhesabu mbuzi. Kitabu kinazibeba huzuni zote mbili, ingawa kimeandikwa kwa ajili ya moja.

Haifai kudhani kuwa msomaji huyu anaweza tu kutafuta kilichoachwa. Fasihi ya Kiswahili ina maajabu ambayo ndani yake watu wake wamo. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, wageni kutoka bara wanafika Pate, wanamwona shujaa, na wanatamani mbegu yake mpaka wanamwoza binti yao. Wageni hao ni Waoromo, wanaoitwa huko kwa jina la zamani ambalo leo wenyewe hawalipendi, na Waborana ni wa ukoo huohuo mpana wa Waoromo. Darasa lilipoelewa hivyo, utenzi waliouona mgumu na wa Kipwani mno ukawa wao. Walitaka kujua mahari ilikuwa ngamia wangapi. Sikuwa na jibu, wala utenzi hauna, lakini nilifurahi kuulizwa.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) nayo iliwaingia kwa njia nisiyoitarajia. Nilikuwa tayari kueleza nchi inayoelea hewani kama istiari. Hawakuhitaji. Walichoshika ni wale wajumbe sita wanaotumwa nchi za mbali kutafuta maarifa, na kila mmoja akirudi anatupwa gerezani. Kijana aliyetoka Kinna kwenda kusoma Isiolo au Nairobi akarudi na fikra mpya anaijua hali hiyo, hata kama gereza lake ni maneno ya barazani. Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo anatiwa katika chombo cha angani ili afe na badala yake anafika kwenye ulimwengu wenye haki, waliipenda kwa sababu nyepesi zaidi, kwamba aliyehukumiwa alijifunza kukiendesha chombo.

Kuhusu Elsa, niliwapa kazi ya insha: waandike ukurasa unaotangulia ukurasa wa kwanza wa kitabu. Insha zilikuwa na makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi, hasa katika ngeli ya I-ZI, na niliyasahihisha. Karibu wote walimpa marehemu jina. Wengine walimpa watoto na kisima alichokuwa akikielekea. Wawili walimfanya mchawi aliyejigeuza simba, wakabishana na wenzao kuwa huo ni uongo. Msichana mmoja hakumtaja simba popote. Aliandika jinsi ng'ombe walivyorejea bomani jioni peke yao, mama mwenye nyumba akawahesabu mara mbili, wote walikuwa wametimia, ndipo akaingiwa na hofu.