Kutoka Mtu ni Afya hadi Kishikwambi: Tulipima Nini?

Mwaka 1913 Thomas Edison, yule yule wa balbu na santuri, alimwambia mwandishi mmoja wa New York kwamba siku za vitabu mashuleni zinahesabika. Watoto watafundishwa kwa macho, kwa filamu, na ndani ya miaka kumi mfumo mzima wa shule utakuwa umebadilika. Zaidi ya miaka mia imepita. Vitabu vipo, chaki ipo, na kila kizazi kimepata Edison wake.

Mwanahistoria wa elimu wa Marekani, Larry Cuban, aliufuatilia mzunguko huu katika kitabu chake *Teachers and Machines* cha 1986. Filamu, redio, televisheni, kisha kompyuta: kila moja iliingia darasani kwa shangwe, zikafuata tafiti za kuonyesha kuwa inafaa, yakaja malalamiko kwamba haitumiki sana, na mwisho lawama zikamwangukia mwalimu. Ati mwalimu ni mkaidi. Ati mwalimu anaogopa mashine.

Mimi ni mwandishi wa habari, na nimehudhuria makabidhiano ya vifaa vya shule mara nyingi kiasi cha kujua utaratibu wake kwa moyo. Meza yenye kitambaa, maboksi yamepangwa, mgeni rasmi, picha. Swali linaloulizwa pale ni moja: vifaa vingapi? Nasi waandishi tunaibeba ile namba hadi kwenye kichwa cha habari. Sikumbuki hafla hata moja ambapo mtu alisimama akasema, "Baada ya mwaka mmoja tutarudi hapa tuone mtoto gani anaweza kufanya nini ambacho leo hawezi." Hilo ndilo swali ninalotaka kulifuata kwenye historia, kwa sababu kuna waliowahi kuliuliza, na baadhi yao walikuwa hapa hapa kwetu.

Tuanze na redio. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitatu baadaye ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo wazee wetu bado wanaikumbuka. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha wakaamua la kufanya. Malaria, minyoo, kichocho: kila ugonjwa na siku yake.

Angalia jinsi mambo yalivyopangwa. Redio yenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu. Kabla ya kipindi kulikuwa na viongozi wa vikundi, wakati wa kipindi kulikuwa na kitabu mkononi, na baada ya kipindi kulikuwa na jembe. Kwa hiyo tathmini nayo haikuishia kwenye kuhesabu redio zilizogawiwa. Watathmini walikwenda vijijini kuangalia mambo ya kushikika: vyoo vimechimbwa? Watu wanajua nini kuhusu ugonjwa ambacho mwanzoni hawakukijua? Lengo lilikuwa wazi kiasi kwamba hata mpita njia angeweza kulikagua. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo ule ule.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, Nicaragua walikuwa wanajaribu kitu kingine. Kuanzia 1974, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Nicaragua walitengeneza masomo ya hesabu ya redio kwa shule za msingi. Redio inauliza, inanyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa sauti, redio inasema jibu. Walipopima, walilinganisha madarasa ya redio, madarasa yaliyopewa vitabu vya kiada, na madarasa yaliyoendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la *Journal of Educational Psychology* mwaka 1981: vitabu vilisaidia, lakini redio ilisaidia zaidi, na pengo kati ya watoto wa mjini na wa shamba likapungua. Kwetu sisi wapenda vitabu hilo linauma kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mbinu hiyo ilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikatumika kufundishia Kiingereza madarasa ya chini, na baadaye Zanzibar wakaitumia kwa watoto wadogo katika vipindi vya Tucheze Tujifunze.

Ukiitazama redio leo utaona ni kitu cha kizamani, hakina hata picha. Lakini kilipewa kazi moja inayojulikana, na kazi hiyo ikapimwa.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini, kila mtoto na yake. Peru iliingia kwa nguvu kuliko nchi zote, ikanunua mamia ya maelfu. Watafiti waliofuatilia shule 319 za vijijini huko walitoa matokeo yao mwaka 2012. Kompyuta zilifika kweli, watoto walizitumia kweli, lakini katika mitihani ya hesabu na lugha hapakuonekana tofauti na shule ambazo hazikupewa. Kulikuwa na dalili nzuri kwenye majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri, na haki yao tuwape. Ila kuna jambo moja ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalishika kuliko mengine: kila kompyuta ilikuja na vitabu 200 ndani yake. Watoto ambao wengi wao nyumbani hawakuwa hata na vitabu vitano walipewa maktaba nzima ya kubeba mkononi. Tabia yao ya kusoma haikubadilika.

Nimelifikiria hilo sana. Vitabu 200 na hakuna aliyegeuka msomaji! Halafu nikajiuliza, kwani mtu anakuwaje msomaji? Wengi wetu tulioshikwa na fasihi tulishikwa na mtu kwanza: bibi mwenye hadithi, kaka aliyeficha riwaya chini ya godoro, mwalimu aliyesoma kwa sauti mpaka kengele ikalia na darasa likakataa kutoka. Kitabu kilikuja kupitia mkono wa mtu. Huko Peru kompyuta nyingi zilifika bila mpango wa namna mwalimu atakavyozifunga na somo lake la kila siku. Mkono ule ulikosekana.

Kenya nayo ilipita njia hiyo. Katika kampeni za 2013 iliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilikwama kwenye kesi, mpango ukageuzwa kuwa wa vishikwambi, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa katika shule zaidi ya 20,000. Tena namba kubwa. Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni mdogo, wa Kisumu, uliochapishwa mwaka huo huo wa 2016 na Benjamin Piper na wenzake. Ulikuwa na makundi matatu: la kwanza, vishikwambi walipewa maofisa wanaotembelea walimu darasani kuwashauri; la pili, walipewa walimu; la tatu, kila mwanafunzi alipewa kifaa cha kusomea. Makundi yote matatu yaliwapita watoto wa shule za kawaida. Habari njema, sivyo? Subiri. Kulikuwa na mpango wa msingi ambao haukuwa na vifaa vyovyote: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na mshauri anayekuja kumtazama akifundisha. Ukilinganisha na huo, vifaa havikuongeza kitu cha maana, na gharama ilikuwa kubwa zaidi.

Kenya ilipoanzisha Tusome nchi nzima mwaka 2015, kitabu kilikwenda kwa mtoto, na kishikwambi kikaenda kwa ofisa mshauri, ili amsikilize mtoto akisoma, aandike alichosikia, amshauri mwalimu. Kifaa hicho hakikuwa na mbwembwe yoyote, na mtoto pengine hata hakukigusa.

Kisa cha mwisho ni cha Tanga, na hiki ndicho kinachonisumbua. Kati ya mwishoni mwa 2017 na 2019, katika vijiji vya mkoa huo, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, ya dola milioni 15, na sharti lake lilikuwa kali: mtoto ajifunze bila mwalimu. Asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilipungua kwa nusu. Kitkit School na onebillion waligawana ushindi.

Hapa lengo lilitajwa mapema na likapimwa, kwa hiyo nalazimika kuwapa heshima yao. Kwa mtoto ambaye shule iko mbali au haipo, nusu ni kitu kikubwa. Lakini nusu nyingine, baada ya miezi 15 na kifaa cha kisasa mkononi, walibaki pale pale. Mkoa huo ndio alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na vijijini kwake Kiswahili kinaishi na Kisambaa, Kizigua, Kibondei na Kidigo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua silabi anaweza kutiririka ukurasa mzima kwa sauti nzuri huku hajui amesoma nini. Ukipima maneno kwa dakika, amefaulu. Ukimwuliza sungura alimdanganya nani na kwa nini, ananyamaza. Kwa hiyo hata lengo likipimwa bado inabidi tuulize ni lengo la nani, na linaishia wapi. Mashine hufundisha vizuri kile kinachohesabika kirahisi, na hatari ni sisi kuanza kuamini kuwa kisichohesabika hakikuwa sehemu ya kusoma.

Baada ya Sensa ya 2022, serikali yetu iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Sioni ubaya. Chombo kizuri kisioze stoo. Lakini kifaa kilichonunuliwa kwa kazi ya karani wa sensa hakijui chenyewe kinatakiwa kumsaidia mtoto wa darasa la pili kufanya nini. Mtu inabidi akiambie.

Ndiyo maana siku nikiitwa tena kwenye makabidhiano, nitakuwa na maswali matatu kwenye daftari kabla ya ile namba ya maboksi. Mtoto ataweza nini mwakani ambacho leo hawezi? Nani atarudi kuangalia, na atawalinganisha na nani? Pesa hizo hizo zingenunua vitabu vingapi na ziara ngapi za mshauri wa walimu? Waliobuni Mtu ni Afya hawakuwa na intaneti, lakini mwaka 1973 walikuwa na majibu. Mgeni rasmi wa leo akikosa jibu, hiyo nayo ni habari, na nitaiandika.