Gari za Rimoti: Wizi, Amana na Dhamana

 

Familia nyingi za visiwani husafiri bara kwa gari za kukodi au kuazima. Dar es Salaam hadi Singida ni takriban kilomita 700, na wengi hulala njiani. Tunaeleza hapa hukumu ya gari hiyo ikiibiwa usiku.

Gari isiyochomekwa ufunguo hufunguka na kuwaka inapoitambua ishara ya rimoti iliyo karibu. Wezi wawili huirefusha ishara hiyo: mmoja husimama na kifaa nje ya chumba ulicholala, mwengine kando ya gari. Gari huwaka bila ya kuvunjwa kioo.

1. Huu ni wizi kamili. Hirzi, yaani hifadhi ya mali, hurejea kwenye ada ya watu, na gari iliyofungwa pahala pake imo katika hifadhi.

2. Aliyekodi ana mkono wa amana: halipi ila akizembea, mfano kuacha rimoti ndani ya gari.

3. Aliyeazima, kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, hulipa hata kama hakuzembea. Mahanafi huiona ni amana. Basi lifahamike hili kabla ya safari, si baada ya msiba.

Tunanasihi: rimoti iwekwe ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, na ijaribiwe kama gari bado inafunguka. Usukani utiwe kufuli. Kutawakali hakuondoi kumfunga ngamia.

Wa Allaahu A'lam.