Popo darini: jinsi ya kuwatoa bila kuwaua na bila kuvunja sheria

Msikilizaji, swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka vijiji vya pwani ya Kenya: popo wameingia darini, harufu imezidi, watoto hawalali, tufanye nini? Wengi wanaouliza wameshajaribu moshi, pilipili, sumu au fimbo, na popo wamerudi vilevile.

Makala haya yanaeleza njia inayofanya kazi. Yahifadhi kwenye simu, au msomee fundi kabla hajapanda ngazi. Jambo kuu ni hili: shida si popo, shida ni tundu. Ukiwaua na tundu likabaki, wengine watahamia. Ukiliziba tundu popo wote wakiwa nje, kazi imekwisha.

Kosa tulilofanya sisi

Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwa mama yangu, mimi na ndugu yangu tuliziba matundu yote ya paa kwa simenti saa sita mchana. Tulijiona wajanja. Kumbe popo walikuwa ndani wamelala. Usiku ule waliokosa njia walishukia vyumbani kupitia nyufa za dari, na mama akaenda kulala kwa jirani. Waliobaki walifia juu. Nzi wakajaa, harufu ikakaa wiki nyingi, na mwishowe tukaibomoa dari tuliyoilipia wenyewe. Mtu angetueleza mapema haya unayoyasoma, tungeokoa pesa na aibu.

Kwanza, mjue mgeni wako

Tazama kinyesi. Kikiwa chembe nyeusi kavu kama za panya, lakini ukizibonyeza kwa kijiti zinasagika na kung'aa kwa vipande vya mabawa ya wadudu, hao ni popo wala wadudu. Ndio wanaokaa darini, chini ya mabati na katika nyufa za kuta.

Ukikuta uchafu wa majimaji ukutani, mbegu, na makapi ya maembe au mapera yaliyotafunwa na kutemwa, hao ni popo wala matunda. Mara nyingi hawa hawaingii darini. Huning'inia barazani au chini ya upenu. Kuwaondoa ni rahisi zaidi: funga vitambaa vyepesi vinavyopeperushwa na upepo pale wanaponing'inia, au washa taa hapo usiku kwa siku kadhaa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haihusu tembo na simba peke yao. Mnyama wa mwituni wa asili ya nchi hii ni mnyamapori, na popo yumo. Kuwinda bila idhini ni kosa. Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama au kumpa sumu bila sababu ya haki.

Kumfungia popo njia akaenda zake bila kuumia si sawa na kumuua. Lakini popo wakiwa wengi mno, au ukiwa na shaka, fika kwanza kwenye ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe, au umwone chifu akuelekeze.

Mambo ya kuepuka

Moto na moshi. Cheche moja kwenye makuti makavu inatosha kuteketeza nyumba, na upepo wa pwani ukaupeleka moto kwa jirani.

Sumu. Popo aliyekula sumu huanguka uani, kuku au paka akamla, au hufia darini. Sumu iliyopuliziwa paani huoshwa na mvua ikaingia kwenye jabia au tangi la maji ya kunywa.

Dawa za nondo za kabatini. Haziwafukuzi popo kwa muda mrefu, na mvuke wake unawadhuru watoto waliolala chini ya dari hiyo.

Wavu wa samaki. Popo hunasa mabawa, akafa polepole akiwa ananing'inia ukutani kwako.

Wakati unaofaa

Popo jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja kwa uzazi, na wengi wala wadudu huzaa karibu na misimu ya mvua, wakati wadudu ni wengi. Mtoto hawezi kuruka kwa wiki kadhaa za mwanzo. Mama humwacha darini akaenda kutafuta chakula. Ukimfungia mama nje, mtoto atafia ndani, na harufu itakuwa yako.

Kwa hiyo ngoja kiangazi. Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, ni wakati mzuri. Kabla ya kuanza, keti nje hadi popo wote watoke, kisha ingia ndani usikilize. Ukisikia vilio vyembamba vya watoto darini, ahirisha kwa mwezi mmoja na nusu, kisha usikilize tena.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta njia yao. Magharibi, simameni watu wawili au wanne, kila mmoja upande wake wa nyumba. Angalieni wanapotokea na muwahesabu. Mchana tafuteni alama: doa la kahawia lenye mafuta kando ya tundu, na kinyesi chini yake. Popo mdogo hupita kwenye upenyo wa upana wa kidole gumba. Migongo ya mabati pale yanapokutana na ukuta ndiyo njia yao kubwa.

2. Ziba matundu yasiyotumika. Acha wazi yale tu uliyowaona wakitokea.

3. Tundika neti juu ya tundu la kutokea. Tumia neti laini yenye matundu madogo sana, kama ile ya kivuli inayowekwa kwenye vitalu vya miche. Ikaze juu na pembeni kwa misumari na vipande vya mbao, lakini iache ikipwaya kidogo na wazi chini. Ishuke zaidi ya nusu mita chini ya tundu. Popo akitoka atateremka ndani ya neti hadi chini na kuruka. Akirudi atatua pale penye tundu, atakuta neti, na hatajua kuingilia chini.

Kama tundu ni dogo na liko pembeni, chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na shingo hufanya kazi hiyohiyo. Iingize kwenye tundu ikielekea chini kidogo. Popo huteleza nje, na kurudi hawezi kwa sababu plastiki haina pa kushika.

4. Acha hivyo kwa usiku saba. Usiku wa mwisho keti tena uangalie. Akitoka hata mmoja, ongeza siku.

5. Ziba kabisa. Tumia simenti, mbao au waya wa mbu. Mahali pa kupitisha hewa usipazibe kwa simenti, weka waya. Kwa nyumba ya makuti, ambako paa lina mianya mingi, weka waya au neti kati ya ukuta na paa ili wasiingie vyumbani.

Kazi ya ngazi isifanywe na mtu mmoja. Mwingine ashike chini.

Usafi na afya

Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuota kuvu, na vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu. Usikifagie kikavu. Funika pua na mdomo, vaa glavu, kilowanishe kwa maji, kizoe na ukifukie mbali na kisima. Kama unavuna maji ya mvua, tenganisha bomba la tangi hadi mvua ya kwanza ioshe paa.

Usimshike popo kwa mkono mtupu, na uwakataze watoto. Baadhi ya popo hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mgeni mmoja kutoka Ulaya alikwaruzwa usoni na popo huko Tsavo Magharibi. Vilikuwa vidonda vidogo tu, lakini alifariki baada ya kurudi kwao. Kwa hiyo ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo. Ukimkuta popo kwenye kitanda cha mtoto aliyelala, mpeleke mtoto pia, hata kama huoni alama. Jino la popo ni dogo sana.

Kwa nini tusiwamalize tu?

Kwa sababu wakiwa nje ya nyumba wanatufaa. Popo wala wadudu hula nondo, mende wa shambani na mbu usiku kucha. Popo wala matunda hutembelea maua ya mbuyu, ambayo hufunguka usiku, na kuyachavusha. Mabuyu ya rangi nyekundu wanayonunua watoto wetu njiani yalianzia hapo.

Acha mti mkubwa ulio mbali na nyumba usimame, nao watapata pa kwenda. Nyumba iwe yako, usiku uwe wao. Na kama una swali, tutumie ujumbe wakati wa kipindi. Tutalisoma hewani na kumtafuta mtaalamu wa kulijibu.