Kisu cha Mufukoni: Bei ya Chini na Hesabu ya Wazee

Wazee wanasema: mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Hawakusema mwenye kisu cha bei kali. Tofauti hiyo ni ndogo mu masikio, lakini ni kubwa mu mufuko, na ndiyo sababu ya andiko hili.

Kila mutu anayepita mu soko ya Kenya hapa Lubumbashi, ao kando ya barabara ya kwenda Kasumbalesa, anaona visu vya kukunja vimepangwa juu ya kitambaa, pamoja na kufuli, tochi na vioo vidogo. Vinang'aa. Kijana anauliza: « Papa, hii ni bei gani? » Muuzaji anajibu: « Yaya, kamata tu, bei iko chini. » Kijana anakamata, anatia mu mufuko, anaenda. Kisha wiki chache tunamusikia analalamika: « Ile kisu ilikuwa ya bure. »

Je, kisu cha kukunja cha bei ya chini kinafaa kununuliwa kwa kazi ya kila siku? Wengine wataona kwamba ulizo hilo ni la soko tu, halina kazi mu kitabu cha desturi. Sisi tunaona kwamba ni ulizo la historia, kwa sababu inchi yetu ilijua kupima chuma zamani sana mbele ya kujua soko hizi.

Kisu mu mikono ya wababu

Mu mwaka wa 1957, Jacques Nenquin, na nyuma yake Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mu bonde la Upemba. Pale waliona kwamba wafu walizikwa na vyungu, mapambo ya shaba, na vyombo vya chuma. Kisha yao, Pierre de Maret aliendelesha kazi hiyo mu bonde lile lile. Pa Kamilamba alikuta kaburi la mutu aliyezikwa na shoka la heshima, mupini wake umepambwa na misumari, na karibu na kichwa chake kulikuwa fuawe, ni kusema kile chuma ambacho juu yake wanafua vyuma vingine. Kaburi lile lina miaka zaidi ya elfu moja. Hatuzike mutu na kitu kisichokuwa na maana.

Habari za Waluba zinapatana na makaburi hayo. Mu masimulizi ya ufalme wao, Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi Kiluwe, ndiye shujaa aliyeleta utawala mupya pamoja na ufundi wa kufua chuma. Mufalme na mufua chuma walikuwa karibu karibu. Na kusini, Wasanga na jirani zao waliyeyusha mawe ya kijani ya shaba mu matanuru ya udongo wa kichuguu kwa makala ya miti. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mu 1926, akawaita « wala shaba ». Wayeke wa Bunkeya, watu wa Msiri, walijulikana kwa kuvuta shaba mpaka inakuwa uzi mwembamba. Uzi wa namna hiyo ulifungwa pia juu ya mipini ya visu, ili mukono usiteleze na macho yafurahi.

Kisu cha wakati ule hakikukuwa cha bei ya chini. Kupata chuma kidogo kuliomba siku nyingi: kutafuta mawe, kuchoma makala, kupuliza mivukuto, kufua. Ndiyo maana hakuna aliyekitupa. Kisu kikipoteza makali, kilinolewa juu ya jiwe. Ubao wake ukikatika mupini, mufua chuma aliuweka tena mu moto. Jembe lililochakaa liligeuka kisu, na kisu kilichoisha kwa kunolewa kiligeuka kitu kidogo zaidi. Mwenye kisu alijua jina la fundi wake, na fundi alijua kwamba kisu kibaya kitarudi kumuhakikisha mbele ya kijiji.

Kwa hiyo wababu hawakuuliza kwanza « bei gani? ». Waliuliza: kinakubali jiwe? Na kikivunjika, kuna mutu wa kukitengeneza?

Reli inaleta chuma cha wageni

Mu 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, mu muji mupya uliyoitwa Élisabethville. Mwaka uliyofuata, tanuru kubwa ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba. Mabehewa yaliyoondoka na shaba yalirudi na bidhaa: vitambaa, sufuria, majembe, visu. Chuma cha viwanda vya Ulaya kilikuwa cha bei ya chini kuliko kile cha matanuru yetu, na matanuru ya kijiji yakazimika moja moja. Wafua chuma hawakuisha, lakini walianza kufua vyuma vizee vya wazungu pa nafasi ya kuyeyusha mawe.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Inchi yenye kutosha madini kwa dunia yote ilianza kununua kisu. Wanaume walishuka mu mugoti na kusimama mbele ya tanuru, wakalipwa mushahara na posho, na kwa ule mushahara wakanunua ubao wa chuma uliyofuliwa mbali. Ni pale desturi ya kuuliza fundi ilianza kupotea, kwa sababu fundi hakuonekana tena. Ilibaki bei tu.

Lakini tusiseme kwamba kila kitu cha bei ya chini kilichotoka ngambo kilikuwa kibaya. Kuna kisu kimoja kinachotusaidia kuona vizuri.

Kisu chenye jina la nyama yetu

Okapi ni nyama ya Congo, nyama ya pori la Ituri. Wambuti na watu wengine wa pori waliijua tangu zamani, lakini wenye elimu wa Ulaya waliipa jina lao mu 1901, kisha Harry Johnston kutuma ngozi yake kule London. Habari ile ilifanya kelele sana. Mu 1902, mu muji wa Solingen, Ujerumani, unaojulikana kwa visu, kulianza kutengenezwa kisu cha kukunja cha kuuzishwa mu makoloni ya Wajerumani ya Afrika, nacho kikapewa jina Okapi.

Kilikuwa kisu cha mutu wa kawaida. Mupini wa muti, umepambwa na mwezi na nyota. Ubao wa chuma cha kaboni, chenye kushika kutu lakini chepesi kunoa. Kamba ya chuma nyuma ya mupini kwa kuzuia ubao, na mara nyingi pete ndogo ya kuvuta wakati wa kufunga. Basi. Wajerumani walipoteza makoloni yao kisha vita ya kwanza, lakini kisu kilibaki na kuenea mu Afrika ya kusini yote. Jirani zetu wa Zambia wanatumia jina okapi kwa kisu cha kukunja, hata wale ambao hawajaona nyama ile. Tangu 1988 kinatengenezwa mu Afrika ya Kusini, si tena Ujerumani.

Tuseme pia ubaya wake: mu miji mingi kilipata sifa mbaya, kwa sababu wagomvi walikipenda. Kisu hakichague mukono.

Okapi si peke yake. Mu Ufaransa, Joseph Opinel wa Savoie alianza mu 1890 kutengeneza kisu cha wakulima chenye mupini wa muti tu, na mu 1929 muji wa Thiers ulitoa Douk-Douk, mupini wake bati lililokunjwa. Vyote vilikuwa vya bei ya chini, na vyote vingali vinatengenezwa. Sababu ni gani? Waliotengeneza walipunguza mapambo na vipande, lakini hawakupunguza ubao. Kazi ilikuwa ndogo, chuma kilikuwa cha kweli. Namna ile ya kupunguza bei, hata muzee wa Sanga angeikubali.

Hesabu

Sasa turudi ku kitambaa cha soko. Visu vingi vinavyong'aa pale vimepunguzwa bei kwa njia ingine: mapambo yamebaki, ubao ndio umepunguzwa. Kuna kikopesha chupa, kuna taa, kuna sura ya bunduki juu ya mupini, lakini chuma ni laini kama bati na musumari wa katikati unalegea.

Tufanye mufano. Kisu kimoja kinauzishwa franka 3 000 na kinadumu miezi mitatu. Kingine kinaomba franka 9 000 na kinadumu miaka mitatu. Mu ile miaka mitatu, mwenye kununua cha kwanza atanunua mara 12, atatoa franka 36 000. Yeye ndiye amenunua kisu cha bei kali, hata kama kila mara alirudi nyumbani na furaha.

Na makuta si jambo kubwa zaidi. Mudogo wangu alikuwa anakata kamba ya mufuko wa makala na kisu cha namna hiyo. Ubao ulimufungia juu ya vidole. Kidonda kiliingia uchafu, na dawa zilikula makuta ya visu zaidi ya kumi. Mupaka leo kidole kimoja hakikunjike vizuri, na yeye ni fundi wa kushona. Tangu siku ile sisemi tena « ni kisu tu ».

Namna ya kuchagua

Jibu letu basi: ndiyo, kisu cha kukunja cha bei ya chini kinaweza kufaa, kama kinapita mu maulizo ya wababu. Hapa pa soko, maulizo yale yanaweza kufanywa mu dakika mbili.

Kwanza, fungua kisu, shika mupini kwa mukono mumoja na ubao kwa mwingine, tikisa pole pole. Kama ubao unacheza kuume na kushoto, rudisha. Pili, angalia kizuizi cha nyuma. Kama ubao unarudi kwa kusukuma kidogo tu, hicho kisu siku moja kitakufunga. Tatu, uliza kama unaweza kukinoa. Chuma chenye kushika kutu kidogo si kibaya. Kipanguse kisha kukata embe ao ndimu, kipake mafuta kidogo wakati wa mvua, kitakutumikia. Ine, angalia misumari ya mupini: kama fundi wa garaji ao wa kufuli anaweza kuigonga tena, kisu kina maisha ya pili. Kama vyote vimegandishwa na kola, hakina.

Na tujue mipaka ya kazi yake. Kisu cha mufukoni ni cha kumenya muwa, kukata kamba, kuchonga kalamu, kutoa maganda ya muzizi wa munkoyo. Si cha kufungua kopo kwa nguvu wala kuvunja mifupa. Kwa kazi ya jikoni na ya shamba, kisu kisichokunjwa kinapita chote cha kukunja, kwa sababu hakina kiungo cha kulegea. Mafundi wetu wangali wanafua visu vya namna hiyo kutoka mu chuma cha ressort ya gari, chuma kigumu chenye kushika makali. Havingai. Lakini kikikatika unajua fasi ya kumukuta aliyekifua, na makuta yako yanabaki mu kartie.

Wazazi, wakati munampa mutoto kisu chake cha kwanza, mumupe pamoja na jiwe la kunolea, na mumufundishe kukipana kwa mupini, si kwa ncha. Kisu bila jiwe ni chuma cha siku chache. Makaburi ya Sanga yalitunza vyuma zaidi ya miaka elfu. Sisi tuombe angalau kisu kimoja kinachotoka mu mufuko wa baba na kuingia mu mufuko wa mwana.