Klabu za watoto na vijana Bujumbura: kujifunza kwa kutenda

Je, mtoto wako bado hajazoea Kirundi au Kifaransa cha darasani? Je, anamaliza likizo nzima bila kazi? Klabu ya kujifunza kwa kutenda inaweza kumsaidia, lakini ichague kwa makini. Makala haya ni kwa wazazi na walezi, wakimbizi na wenyeji.

Klabu hizi ni nini?

Ni vikundi vidogo vya watoto vinavyoongozwa na mtu mzima. Mtoto anajifunza kwa kufanya kazi yenyewe. Kwa mfano, watoto wanapanda lengalenga kwenye magunia. Wanahesabu mbegu, wanapima maji, wanaandika siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Wakiuza mboga, wanapiga hesabu ya faida. Mtoto asiyeelewa lugha ya mwenzake anaanza kwa kutazama mikono yake, na maneno yanafuata polepole.

Njia hii si mpya. Skauti walianza Uingereza mwaka 1907 kwa mtindo wa vikundi vidogo. Mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, amezikwa Nyeri, Kenya. Kenya pia ina klabu za kilimo shuleni zinazoitwa 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya.

Bujumbura kuna nini?

Mfano unaojulikana sana ni Centre Jeunes Kamenge, kaskazini mwa jiji. Kituo hiki kilianzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, muda mfupi kabla ya vita vya 1993. Vita vilipogawa mitaa ya kaskazini kwa ukabila, kituo kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kihutu na Kitutsi katika michezo na masomo. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Vijana waliofanya kazi pamoja walipata nafasi ya kufahamiana kabla ya kuogopana. Hilo linahusu pia mkimbizi na mwenyeji wanaoishi mtaa mmoja.

Burundi ina skauti wa kiume na wa kike pia. Uliza shuleni, parokiani, msikitini au kwa mkuu wa mtaa kama kuna kikundi karibu nawe. Katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili kinazungumzwa sana, mtoto aliyetoka Kongo hatapata shida kubwa ya lugha.

Uulize nini kabla ya kumwandikisha?

- Nani anaongoza, na nani anamsimamia huyo kiongozi?
- Wanapokea watoto wa umri gani? Wanataka karatasi gani?
- Kuna ada, sare au vifaa vya kununua? Jumla ni kiasi gani?
- Wanakutana saa ngapi? Mtoto atarudi nyumbani kabla ya giza?
- Kazi wanazofanya zinamfundisha mtoto, au zinamnufaisha mtu mwingine?
- Wasichana na watoto wenye ulemavu wanashiriki vipi?

Nenda mwenyewe siku ya kwanza, ukae utazame. Klabu nzuri haimkatazi mzazi kuingia.

Kumbuka

Klabu haichukui nafasi ya shule. Kama mtoto wako hasomi, tafuta kwanza nafasi ya shule, huku klabu ikimsaidia kuzoea lugha na kupata marafiki.

Sikiliza mtoto anaporudi. Kiongozi akimwambia afiche jambo, akimpa zawadi kwa siri, au akitaka kukaa naye peke yake, mwondoe mtoto mara moja. Unaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto nchini Burundi. Usimlaumu mtoto kwa kusema. Mwambie amefanya vizuri kukueleza.